Potasiamu katika Chakula Chetu cha Kila Siku

Utangulizi

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba vyakula vyetu vimegawanyika katika mafungu matatu: vyakula vya kuutia mwili nguvu, vyakula vya kuujenga mwili, na vyakula vya kuulinda mwili. Ulijifunza pia kwamba mwili huhitaji madini. Umekwisha kusoma habari za madini ya chuma, ambayo hutumika kutengeneza damu, na habari za kalsiamu, ambayo huimarisha mifupa na meno. Umesoma pia juu ya madini joto, ambayo hutiwa katika chumvi ili kuzuia ugonjwa wa rovu.

Katika sura hii utajifunza habari za madini mengine ambayo watu hawayataji mara nyingi. Madini hayo huitwa potasiamu. Bila potasiamu misuli ya mwili wako haiwezi kufanya kazi, na moyo wako hauwezi kupiga sawasawa. Utajifunza kazi za potasiamu mwilini, vyakula vyenye madini hayo kwa wingi, namna ya kuvipika visipoteze madini yake, na namna ya kumsaidia mtoto anayeharisha, ambaye hupoteza maji pamoja na potasiamu.

Kabla ya kuendelea, fanya kazi ifuatayo.

Kazi ya 1: Kuhesabu mapigo ya moyo

Keti kitako ukiwa umetulia. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kiganja, chini kidogo ya kidole gumba. Bonyeza polepole mpaka usikie mapigo. Mwenzako mwenye saa akupe ishara ya kuanza, na baada ya dakika moja akupe ishara ya kuacha. Umehesabu mapigo mangapi? Andika jibu katika daftari lako.

Moyo wa mtoto wa umri wako, akiwa ametulia, kwa kawaida hupiga kati ya mara 70 na mara 110 kwa dakika. Tuseme moyo hupiga mara 70 kwa dakika. Kwa saa moja utapiga mara 70 × 60, yaani mara 4,200. Kwa siku nzima utapiga mara 4,200 × 24, yaani mara 100,800. Moyo ni msuli usiopumzika, mchana wala usiku. Ili uweze kufanya kazi hiyo kubwa, ni lazima upate potasiamu ya kutosha kila siku.

Potasiamu ni kitu gani?

Tangu zamani watu walijua kwamba majivu ya mimea yana kitu cha manufaa ndani yake. Walitia majivu katika maji, wakayachuja, kisha wakayachemsha maji yale katika chungu mpaka yakakauka. Kilichobaki chunguni kilikuwa unga mweupe. Unga huo ulitumika kutengeneza sabuni na vioo. Hata leo, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kina mama huchuja majivu ya maganda ya maharage au ya maganda ya ndizi, na maji yake hutumika kulainishia mboga za majani ambazo ni ngumu kuiva. Katika sehemu za magharibi ya Kenya mapishi hayo ni ya kawaida sana.

Mnamo mwaka 1807, huko London, mwanasayansi wa Uingereza aliyeitwa Humphry Davy aliuyeyusha unga wa namna hiyo kwa moto, kisha akapitisha umeme ndani yake. Aliona vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha. Baadhi yao vilipasuka na kuwaka moto. Davy alikuwa amepata metali mpya ambayo haijapata kuonekana na mtu yeyote. Metali hiyo ndiyo potasiamu. Jina lake linatokana na maneno ya lugha za Ulaya yenye maana ya chungu na majivu. Wanasayansi huiandika kwa alama ya K, kutokana na jina lake la Kilatini, kalium, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya majivu ya mimea.

Metali ya potasiamu ni laini, hata huweza kukatwa kwa kisu. Ikiguswa na maji huwaka moto mara moja. Je, basi, tunakula metali inayowaka moto? La. Katika udongo, katika mimea na katika miili yetu, potasiamu haipatikani peke yake hata kidogo. Huwa imeungana na vitu vingine na kufanya chumvi ambazo huyeyuka katika maji kwa utulivu, kama chumvi ya mezani inavyoyeyuka katika mchuzi.

Jaribio la 1: Kupata chumvi za potasiamu kutoka katika maganda ya ndizi

Jaribio hili lifanywe na mwalimu, na wanafunzi watazame.

Vifaa: maganda makavu ya ndizi, sufuria kuukuu, kitambaa safi cha kuchujia, maji, bakuli mbili, jiko, na karatasi nyekundu ya litimasi.

Hatua:
1. Choma maganda makavu mpaka yawe majivu. Acha majivu yapoe.
2. Tia majivu katika bakuli, mimina maji, kisha koroga.
3. Chuja maji hayo kwa kitambaa. Utapata maji yenye rangi hafifu ya manjano au ya kahawia.
4. Chovya karatasi nyekundu ya litimasi katika maji hayo. Rangi yake inageuka kuwa ipi?
5. Chemsha maji hayo katika sufuria kwa moto mdogo mpaka yakauke.

Uchunguzi: Karatasi nyekundu ya litimasi hugeuka kuwa ya buluu. Katika sufuria hubaki unga mweupe au wa kijivu. Sehemu kubwa ya unga huo ni chumvi za potasiamu ambazo mgomba ulizifyonza kutoka ardhini.

Angalia: Maji ya majivu huunguza ngozi na macho. Usiyaonje, wala usiyaguse. Maji yakikurukia, nawa mara moja kwa maji mengi safi.

Potasiamu hutoka wapi?

Jaribio hili linatuonyesha kwamba potasiamu iliyomo katika chakula chetu hutoka katika udongo. Mizizi ya mimea hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Mmea huzipeleka chumvi hizo katika majani, shina, matunda na viazi vyake. Sisi tunapokula mmea huo tunapata potasiamu. Ng'ombe na mbuzi hula majani, nasi tunapokunywa maziwa au kula nyama tunapata tena sehemu ya potasiamu hiyo.

Kila tunapovuna tunaondoa potasiamu shambani. Kwa sababu hiyo ni lazima irudishwe. Wakulima wa migomba wa Kagera na Kilimanjaro tangu zamani hutia samadi katika migomba yao, na hufunika udongo kwa majani makavu. Wengine hutia majivu ya jikoni. Katika mifuko ya mbolea ya viwandani huenda umeona herufi N, P na K. Herufi K ni alama ya potasiamu.

Kazi za potasiamu mwilini

Mwili wako umejengwa kwa seli nyingi mno, ambazo ni ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Mwili wa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 una potasiamu ipatayo gramu 140 hivi. Karibu potasiamu yote hiyo imo ndani ya seli. Nje ya seli, katika damu na katika majimaji mengine ya mwili, ipo kidogo tu. Huko nje kumejaa sodiamu, ambayo ni madini tunayoyapata katika chumvi ya mezani.

Fikiri juu ya nyumba yenye mlango na bawabu. Kazi ya bawabu ni kuingiza potasiamu ndani na kutoa sodiamu nje. Katika utando wa seli zako wamo mabawabu wa namna hiyo, nao hufanya kazi bila kukoma. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Denmark aitwaye Jens Christian Skou alieleza jinsi mabawabu hao walivyo. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997.

Kwa sababu potasiamu imo ndani na sodiamu iko nje, mwili huweza kufanya mambo yafuatayo:

(a) Kupeleka habari katika mishipa ya fahamu. Ukikanyaga mwiba, habari ya maumivu hupita katika mishipa ya fahamu kwa kasi hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Habari hiyo hupita kwa sababu sodiamu huingia ndani ya seli na potasiamu hutoka, kisha kila kimoja hurudishwa mahali pake.

(b) Kukaza na kulegeza misuli. Misuli ya miguu unayotumia kukimbilia, misuli ya kifua unayotumia kupumulia, na misuli ya tumbo inayosukuma chakula, yote huhitaji potasiamu.

(c) Kuendesha mapigo ya moyo. Potasiamu ikipungua sana katika damu, au ikizidi sana, mapigo ya moyo huharibika. Jambo hilo huweza kuleta kifo.

(d) Kusaidia figo kutoa sodiamu iliyozidi. Mtu anayekula chumvi nyingi na mboga kidogo huweza kupata ugonjwa wa shinikizo la juu la damu anapokuwa mtu mzima. Chakula chenye potasiamu ya kutosha husaidia kushusha shinikizo hilo.

Je, tunahitaji potasiamu kiasi gani?

Madini yaliyomo katika chakula hupimwa kwa miligramu. Kumbuka kwamba gramu 1 ni sawa na miligramu 1,000.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku kutoka katika chakula, na chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Gramu 5 za chumvi ni kama kijiko kimoja cha chai. Mtoto huhitaji kiasi kidogo kuliko mtu mzima, kulingana na umri wake na wingi wa chakula anachohitaji.

Mwili hauwezi kuweka akiba kubwa ya potasiamu kwa siku za mbele. Kila siku figo huitoa katika mkojo, na kiasi kidogo hutoka katika choo na jasho. Kwa hiyo hatuwezi kula mboga Jumapili tu tukasema imetosha kwa juma zima. Ni lazima tuipate kila siku.

Vyakula vyenye potasiamu

Tazama jedwali lifuatalo. Linaonyesha kiasi cha potasiamu kilichomo katika gramu 100 za kila chakula. Kiasi hicho hubadilika kidogo kulingana na aina ya mmea, udongo na mapishi, kwa hiyo tarakimu hizi ni za kukadiria.

Chakula (gramu 100): Potasiamu (miligramu)

Mchicha uliopikwa: 600
Parachichi bivu: 480
Magimbi yaliyochemshwa: 480
Ndizi za kupika zilizopikwa: 460
Maharage yaliyochemshwa: 400
Viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake: 380
Ndizi mbivu: 360
Maji ya dafu: 250
Nyanya: 240
Viazi vitamu vilivyomenywa na kuchemshwa: 230
Papai bivu: 180
Chungwa: 180
Maziwa ya ng'ombe: 150
Mkate mweupe: 100
Wali mweupe: 35

Umeona nini katika jedwali hili? Watu wengi husema kwamba ndizi mbivu ndiyo yenye potasiamu kupita vyakula vyote. Ni kweli kwamba ndizi inayo nyingi. Lakini mchicha, ambao huota hata nyuma ya jiko, unayo nyingi zaidi. Maharage nayo yanaishinda ndizi. Chakula si lazima kiwe cha bei kubwa ili kiwe na madini mengi.

Vipo vyakula vingine ambavyo havikuandikwa katika jedwali lakini vina potasiamu ya kutosha. Hivyo ni kama vile kunde, mbaazi, choroko, dengu, karanga, tende, mapera, viazi vikuu, mihogo, majani ya maboga na majani ya kunde. Samaki na dagaa pia wana potasiamu.

Tazama sasa wali na mkate mweupe. Vyakula hivi hututia nguvu, lakini vina potasiamu kidogo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya madini ya nafaka imo katika ganda lake la juu na katika kiini. Mchele unapokobolewa na ngano inaposafishwa sana, sehemu hizo hutupwa au hupewa mifugo. Ndivyo ilivyo pia kwa mahindi. Unga wa dona, ambao husagwa pamoja na ganda na kiini, una potasiamu inayokaribia mara mbili ya ile iliyomo katika unga wa sembe.

Mfano wa watoto wawili

Mtoto wa kwanza alikula mkate mweupe gramu 100 asubuhi, pamoja na chai ya rangi. Mchana alikula wali gramu 300 na mchuzi mtupu kidogo. Jioni alikula tena wali gramu 300. Hakula mboga wala tunda. Tukiacha mchuzi na chai, hesabu yake ni hii:

Mkate: miligramu 100
Wali wa mchana: 35 × 3 = miligramu 105
Wali wa jioni: 35 × 3 = miligramu 105
Jumla: miligramu 310

Mtoto wa pili alikula ndizi mbivu gramu 100 asubuhi. Mchana alikula wali gramu 200 kwa maharage gramu 200. Jioni alikula ugali wa dona kwa mchicha gramu 150, kisha akala chungwa la gramu 100. Tukiacha ugali, hesabu yake ni hii:

Ndizi: miligramu 360
Wali: 35 × 2 = miligramu 70
Maharage: 400 × 2 = miligramu 800
Mchicha: miligramu 900
Chungwa: miligramu 180
Jumla: miligramu 2,310

Watoto wote wawili walishiba. Lakini mtoto wa pili alipata potasiamu zaidi ya mara saba kuliko mwenzake. Kushiba ni jambo moja, na kupata chakula bora ni jambo jingine.

Mapishi yasiyopoteza madini

Ulijifunza kwamba chumvi za potasiamu huyeyuka katika maji. Jambo hili hutufaa, kwa maana ndivyo mimea inavyozifyonza. Lakini jikoni jambo hilohilo huweza kutupotezea madini. Tukichemsha mboga katika maji mengi, potasiamu hutoka katika mboga na kuingia katika maji. Tukiyamwaga maji hayo, tumeimwaga na potasiamu. Viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vidogo, kisha vikachemshwa katika maji mengi, huweza kupoteza karibu nusu ya potasiamu yake.

Jaribio la 2: Kuchunguza kinachotoka katika viazi vinapochemshwa

Vifaa: viazi mviringo viwili vyenye ukubwa mmoja, sufuria mbili zinazolingana, maji, kikombe cha kupimia, na sahani mbili za rangi moja.

Hatua:
1. Osha viazi vyote viwili vizuri. Kiazi cha kwanza kiache kizima na ganda lake. Kiazi cha pili kimenye, ukikate vipande vidogo.
2. Weka kila kiazi katika sufuria yake. Tia vikombe viwili vya maji katika kila sufuria. Usitie chumvi.
3. Chemsha sufuria zote mbili kwa dakika 20. Mwalimu asimamie moto.
4. Mimina vijiko vitano vya maji ya kila sufuria katika sahani yake. Anika sahani hizo juani mpaka maji yakauke.
5. Linganisha mabaki yaliyo katika sahani hizo.

Uchunguzi: Sahani ya kiazi kilichokatwa ina mabaki mengi zaidi. Mabaki hayo si potasiamu peke yake, kwani wamo pia wanga na chumvi nyingine. Lakini yote yametoka katika kiazi. Laiti tungemwaga maji hayo, tusingeyapata.

Kwa hiyo fuata kanuni hizi:

1. Osha mboga kabla ya kuzikata, wala si baada ya kuzikata. Usiziloweke kwa muda mrefu zikiwa zimekwisha kukatwa.
2. Tumia maji kidogo, na ufunike sufuria.
3. Maji yaliyobaki yatumie katika mchuzi.
4. Chemsha viazi na maganda yake kila inapowezekana, kisha umenye baadaye.
5. Vyakula vyenye sumu, kama vile mihogo michungu, havifuati kanuni hizi. Hivyo ni lazima viloweke na maji yake yamwagwe, kama wazee wanavyoelekeza.

Potasiamu na ugonjwa wa kuharisha

Sehemu hii isome kwa makini. Siku moja huenda ikakusaidia kuokoa maisha ya mdogo wako.

Mtu anapoharisha, maji mengi hutoka mwilini. Pamoja na maji hayo hutoka sodiamu na potasiamu. Mtoto mchanga ana mwili mdogo, kwa hiyo huweza kupungukiwa upesi sana. Macho yake hudidimia, midomo hukauka, na analia bila kutoa machozi. Potasiamu ikipungua sana, misuli hulegea, tumbo hujaa kwa sababu misuli yake haisukumi tena chakula, na mapigo ya moyo huharibika.

Zamani watu wengi walidhani kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji wala chakula mpaka kuharisha kukome. Mawazo hayo ni ya hatari. Mtoto anapoharisha ni lazima arudishiwe maji na chumvi alizopoteza.

Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia watoto, yalikubaliana kueneza dawa moja ya unga ya kuchanganya na maji. Mwaka 2002 mchanganyiko wake uliboreshwa. Dawa hiyo hupatikana katika zahanati, vituo vya afya na maduka ya dawa. Kwa kila lita moja ya maji, dawa hiyo ina vitu vifuatavyo:

Sukari ya glukosi: gramu 13.5
Chumvi ya kawaida: gramu 2.6
Chumvi ya sitrati: gramu 2.9
Chumvi ya potasiamu: gramu 1.5

Unaona kwamba potasiamu imo. Imewekwa kwa sababu mtoto ameipoteza, na sukari na chumvi ya jikoni peke yake haviwezi kuirudisha.

Namna ya kutengeneza dawa hiyo:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Soma maandishi ya pakiti ili ujue kiasi cha maji kinachohitajika. Pakiti nyingi ni za lita moja.
3. Pima maji safi ya kunywa. Maji yaliyochemshwa yaache kwanza yapoe.
4. Tia unga wote wa pakiti moja, ukoroge mpaka uyeyuke. Usiongeze chumvi wala sukari.
5. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja kama dakika 10, kisha umpe tena polepole.
6. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe, itengenezwe nyingine.

Mtoto mchanga aendelee kunyonya maziwa ya mama. Mtoto mkubwa aendelee kula. Vyakula vinavyomfaa ni uji, ndizi mbivu iliyopondwa, na supu ya mboga au ya maharage. Maji ya dafu bichi, ambayo hupatikana kwa wingi pwani na visiwani, yana potasiamu nyingi. Hata hivyo yana sodiamu kidogo, kwa hiyo hayawezi kuchukua nafasi ya dawa ya pakiti.

Mwambie mtu mzima mara moja, na mtoto apelekwe katika zahanati au hospitali bila kuchelewa, ukiona dalili hizi: hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu katika choo, amelegea au ni vigumu kumwamsha, au macho yake yamedidimia. Mtaalamu wa afya atampa pia vidonge vya zinki, ambavyo husaidia kupunguza kuharisha.

Je, potasiamu inaweza kuzidi?

Mtu mwenye figo nzima akila ndizi na mboga nyingi hadhuriki. Figo huitoa potasiamu iliyozidi katika mkojo. Lakini mtu ambaye figo zake ni mgonjwa hawezi kuitoa vizuri. Potasiamu hujilimbikiza katika damu na kuuhatarisha moyo. Mtu kama huyo hufuata chakula alichoelekezwa na daktari. Pengine ataambiwa achemshe viazi vyake katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo, yaani kinyume cha ulivyojifunza hapo juu. Sasa unafahamu sababu yake.

Vipo pia vidonge vya potasiamu. Usivimeze pasipo amri ya daktari. Chakula bora kinatosha.

Kazi ya 2

Mkiwa vikundi vya watu watano, fanyeni kazi hii kwa muda wa juma moja. Kila mmoja aandike vyakula alivyokula kila siku. Pigeni mstari chini ya kila chakula chenye potasiamu nyingi. Mwisho wa juma jadilianeni: Ni siku zipi mlizokula mboga au matunda? Ni mboga gani zinazoweza kupandwa katika bustani ya shule yenu? Mwombeni mwalimu awape sehemu ya bustani mpande mchicha. Kwa kawaida mchicha huwa tayari kuchumwa kabla ya wiki sita kupita.

Mambo ya kukumbuka

1. Potasiamu ni madini yanayohitajiwa na misuli, mishipa ya fahamu na moyo.
2. Mimea huipata kutoka katika udongo, nasi huipata katika mimea.
3. Mboga za majani, maharage, viazi, magimbi, ndizi na matunda vina potasiamu nyingi. Wali na mkate mweupe vina kidogo.
4. Potasiamu huyeyuka katika maji. Usimwage maji uliyopikia mboga.
5. Mtoto anayeharisha hupoteza potasiamu. Apewe dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, aendelee kula, na apelekwe zahanati.

Maswali

1. Taja kazi tatu za potasiamu katika mwili.
2. Eleza kwa nini hatuwezi kula mboga siku moja tu katika juma.
3. Gramu 250 za maharage yaliyochemshwa zina miligramu ngapi za potasiamu?
4. Kwa nini unga wa dona una madini mengi kuliko unga wa sembe?
5. Mama mmoja hukata mchicha, huuchemsha katika maji mengi, kisha huyamwaga maji hayo. Utamshauri nini kwa heshima, na utamweleza sababu gani?
6. Mdogo wako anaharisha tangu asubuhi. Andika kwa utaratibu mambo utakayoyafanya.
7. Kwa nini mgonjwa wa figo huelekezwa kupika viazi kwa njia tofauti na watu wengine?
8. Panga chakula cha siku moja cha watoto wawili kwa kutumia vyakula vinavyopatikana katika kijiji au mtaa wako. Kisha tumia jedwali kukadiria potasiamu watakayoipata.